Yuko kwa Shangazi Yake

Jumatatu, Machi 11

Mvua imeanza leo, na leo ndiyo tumemlaza binti yetu.

Naandika kwa sababu nyumba iko kimya, mke wangu amejifungia chumbani kwa mtoto, na mimi sina wa kumwambia. Mchana kutwa nakaa na watu garini, nawafundisha kubadili gia na kutazama vioo. Lakini mwalimu wa udereva haongei mambo yake. Anaongea mambo ya barabara.

Ilianza shule zilipofunguliwa. Kwanza akaacha kulala. Kisha akasema majirani wanamsengenya kupitia mabomba ya maji. Ana miaka kumi na sita. Tukadhani ni ujana, tukadhani ni mitihani. Jana asubuhi alitoka na nguo za kulalia, miguu mitupu, akaenda kusimama katikati ya barabara kuu. Alisema anatafuta mahali pasipo na sauti. Dereva wa lori alifunga breki mpaka lori likageuka kiubavu. Mimi ninayefundisha watu breki nilikuwa bafuni nanyoa ndevu.

Hospitali haina wodi ya vijana. Wamemweka na wanawake wazima. Muuguzi mwenye rundo la funguo kiunoni alimvua hereni, mkanda na kibanio cha nywele, akamvua na miwani. "Kwa usalama," alisema, basi. Moyoni nimempa jina la Bibi Funguo. Daktari ni kijana, mpole, ana tabasamu zuri. "Mzee, ondoa shaka. Hapa amefika." Nikamshukuru mpaka nikajionea haya.

Kabla mlango haujafungwa binti yangu aligeuka kututazama, lakini macho yake yalitua pembeni kidogo ya pale tulipokuwa tumesimama.

Jumanne, Machi 12

Siku za mwanzo haturuhusiwi kumwona. Mvua.

Alhamisi, Machi 14

Kaka yangu amepiga simu. "Mbona mtoto simsikii siku hizi?"

"Yuko kwa shangazi yake."

Jibu limetoka lenyewe, laini, wala sikumeza mate. Jioni nikamsikia mke wangu mlangoni akimwambia jirani maneno yale yale. Hatukuwa tumepanga. Kila mtoto ana shangazi, na binamu zetu wa kike ni wengi hata kaka hawajui wote. Nani atauliza ni yupi?

Jumapili, Machi 17

Tumemwona. Walimleta kwenye chumba chenye benchi mbili na ndoo katikati, maana paa linavuja. Alikuja akipapasa ukuta. Alinipita mimi, akampita mama yake, akaenda kukaa mbele ya bibi mmoja aliyekuwa anamsubiri mgonjwa wake. Mke wangu akamwita. Ndipo akageuka kuifuata sauti.

"Ndivyo alivyo tangu aje," alisema Bibi Funguo. "Amechanganyikiwa. Hatambui watu, anagonga vitanda, ukimpa kitabu anakikataa. Tumeshamwambia daktari, dawa imeongezwa."

Mke wangu akauliza, polepole kabisa, "Dada, miwani yake iko wapi?"

Bibi Funguo akamtazama.

"Bila miwani haoni hata mkono wake mwenyewe. Mlimvua ninyi, siku ya kwanza. Iko wapi?"

Ikatafutwa kwenye kabati, ikatafutwa kwenye droo. Haipo. Hakuna aliyejua. Na dawa ilikuwa imeshaongezwa kumtibu mtoto kwa kosa la kutoona.

Ulimi wake ulikuwa mzito. Alishika kidole changu kimoja, kile cha mwisho, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anajifunza kutembea.

Jumanne, Machi 19

Nina mwanafunzi mpya, mama mtu mzima, mjane. Gari la marehemu limekaa uani na amechoka kulitazama. Anaendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nikamwambia barabara ina wenyewe nyuma yetu. Akanijibu, "Mwalimu, mwenda pole hajikwai." Nikamwambia hajikwai, lakini anapigiwa honi. Tukacheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu ikicheka. Huyu namwita Bi Taratibu.

Ijumaa, Machi 22

Niliomba kumwona daktari. Nilikaa kwenye korido tangu asubuhi. Yuko kwenye kikao. Yuko wodi nyingine. Ametoka kidogo. Nikamwona akipita na mwavuli, akanipungia mkono na lile tabasamu lake. Nikajibu tabasamu. Kisha sikumwona tena.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Amesema nini?"

"Ana kazi nyingi."

"Mimi nakaa dirisha la malalamiko ofisi ya maji. Najua malalamiko yanavyokufa. Mtu akija mpole, tunamwambia aje kesho. Akirudi mpole, tunamwambia tena. Anayehudumiwa ni yule anayekaa pale dirishani, haondoki."

"Ukiwaudhi, mwenye kuumia ni mtoto. Sisi tunarudi nyumbani, yeye anabaki nao."

Alichukua sahani yake akaenda kulia chakula chumbani kwa mtoto. Nilikula peke yangu nikisikiliza mvua juu ya bati.

Jumapili, Machi 24

Mke wangu alitengenezesha miwani mpya, ya plastiki tupu, kioo hata kidogo hakuna. Mlangoni wakaikataa. Akakaa chini, palepale mlangoni, kwenye maji, na gauni lake la kanisani. Watu wakawa wanamruka kupita. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baada ya muda Bibi Funguo akanyoosha mkono: "Lete basi, mama. Lete."

Binti yangu akaivaa. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akageuza kichwa taratibu kutazama kupitia mlango uliokuwa wazi: vitanda vilivyobanana, magodoro yaliyochanika, mwanamke aliyelala sakafuni kwenye mkojo wake, mwingine aliyefungwa mikono kwa shuka.

"Kumbe ni hivi," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu alazwe.

Kisha akaivua miwani, akaikunja, akamrudishia mama yake.

"Kaa nayo. Afadhali nilipokuwa sioni."

Jumatano, Machi 27

Mwanafunzi mmoja ameingiza gari mtaroni. Breki ya upande wangu ilikuwepo, mguu wangu ulikuwepo, mimi ndiye sikuwepo.

Jumapili, Machi 31

"Hakuna kuona wagonjwa leo." Nani kasema? Amri. Mpaka lini? Mtajulishwa.

Mke wangu alikuwa na zamu ofisini, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilisimama getini na mfuko wa nguo safi. Samahani, kaka. Samahani, dada, hata dakika moja tu. Asante, nimeelewa. Mlinzi alikuwa mtu mwema. Aliniambia nisogee chini ya kibanda nisiloane. Nikamshukuru na yeye pia.

Wahenga walisema kilio cha samaki machozi huenda na maji. Mvua hii imenifaa. Nimepita mbele za watu wote na hakuna aliyejua uso wangu umelowa nini.

Alhamisi, Aprili 4

Hatujasemezana tangu Jumatatu, aliposikia kwamba niliondoka getini bila kumwona mtoto, isipokuwa mambo ya gesi na funguo. Shule anakosoma binti yetu wamepiga simu. Mke wangu amesema yuko kwa shangazi yake. Huyu shangazi sasa anajulikana mji mzima, na hajazaliwa.

Jumapili, Aprili 7

Nataka niandike yote.

Leo walituruhusu. Chumba cha benchi kilikuwa kimefurika, tukaambiwa tuingie wodini. Tulimkuta kitandani amekaa, shingo imepinda, kidevu kimeelekea begani. Macho yamepanda juu kiasi kwamba unaona weupe tu. Mdomo wazi, ulimi umekakamaa, mate yanatiririka. Mkono mmoja umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa kitambaa. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kama mtu anayeita kutoka mbali sana.

Mke wangu alimkumbatia. "Mama, mama yangu, ni mimi."

Nikamkimbilia Bibi Funguo. Alikuwa upande wa pili anamlisha mgonjwa.

"Anaigiza," alisema bila kugeuka. "Yuko hivyo tangu asubuhi. Wanaigana hawa. Mkiondoka ataacha."

"Samahani, dada," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo. "Samahani, naomba uje umwangalie."

"Baba, nimeshamwangalia."

Nikarudi kitandani. Binti yangu alijaribu kunigeukia, shingo ikakataa. Chozi likatoka kwenye lile jicho lililopanda, likashuka upande usio wake, kuelekea sikioni.

Nikapiga kelele. Sijui nieleze vipi. Nimeishi miaka hamsini na mbili sijawahi kuisikia sauti ile. Nilisema hakuna mtu atakayetoka humu, hakuna mlango utakaofungwa, mpaka aje daktari. Nilipiga chuma cha kitanda kwa kiganja. Wagonjwa wakaanza kulia, mmoja akapiga makofi. Mlinzi akaja mbio, akanikuta nalia na kupiga, akabaki amesimama.

Bibi Funguo alikuja na bakuli mkononi. Nilidhani atanifukuza. Akasema, naye kwa sauti kubwa, "Mimi niko peke yangu! Unasikia, baba? Tangu jana asubuhi. Aliyetakiwa kunipokea hakuja. Wote hawa ni wa kwangu. Wa kuwalisha, wa kuwaosha, wa kuwafunga. Nitajua vipi yupi anaigiza na yupi anakufa?" Kisha akaweka bakuli sakafuni, akafungua mlango, akakimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia. Funguo zilipiga kelele korido nzima.

Alirudi na daktari wa zamu, mama mmoja mfupi aliyetolewa jengo jingine, viatu vimejaa tope. Hakuuliza mengi. Alimshika kidevu, akamtazama macho, akasema, "Sindano. Sasa hivi." Akachoma yeye mwenyewe. Akaketi kitandani akaushikilia ule mkono akisubiri, sisi sote tukisubiri.

Polepole, kama kamba inayofunguliwa, shingo ikaanza kulegea. Macho yakashuka. Yakatukuta.

"Ni dawa," alisema yule daktari. "Inakamata misuli. Inatokea, hasa kwa vijana, na tiba yake ni hii ndogo tu. Ilitakiwa ionekane tangu asubuhi." Akasoma karatasi iliyoning'inia kitandani, akatikisa kichwa. "Na dozi hii ni ya mtu mara mbili ya huyu."

"Alivuliwa miwani," alisema mke wangu. "Wakasema amezidiwa, wakaongeza."

Daktari alifungua kile kitambaa cha mkononi, akakiweka mfukoni mwake.

Tulipotoka, mke wangu alinishika mkono. Hatukuwa tumeshikana mikono miaka mingi. Wangu ulikuwa umevimba.

Jumatatu, Aprili 8

Leo daktari wa tabasamu alipatikana haraka. Alitukaribisha ofisini, akasema amesikitishwa na yaliyotokea, akafungua faili. "Tatizo kubwa la mwanenu ni hii pombe."

"Pombe gani, daktari?" aliuliza mke wangu.

Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Tabasamu lilibaki pale pale, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

"Daktari, umewahi kukaa na mtoto wangu? Hata mara moja?"

"Mama, wagonjwa ni wengi."

Namwamini. Ni wengi. Nilimtazama nikajaribu kumchukia, nikaona ni kijana tu aliyegundua kwamba tabasamu huondoa watu mlangoni upesi. Ila mimi niliondoka mara nyingi mno.

Tumesema tunamtoa. Akatuonya: akirudi barabarani, lawama ni yetu. Nilijibu kwamba najua. Na kweli najua, na ninaogopa sana. Yule daktari mwenye viatu vya tope ametuelekeza kwa tabibu mmoja mwenye kliniki ndogo upande wa pili wa mji, anayeshughulika na vijana.

Jumatano, Aprili 10

Tumemtoa. Mvua kubwa. Bibi Funguo alitusindikiza mpaka mlangoni. Amekonda, au labda sikuwahi kumtazama vizuri.

"Nilisema anaigiza," aliniambia. "Mwambie... hapana. Usimwambie kitu."

Ndani mtu akawa anamwita, nesi, nesi, nesi. Akarudi.

Alhamisi, Aprili 11

Asubuhi nilimkuta binti yangu amesimama jikoni karibu na bomba, mikono nyuma.

"Baba, naruhusiwa kunywa maji?"

Jumatatu, Aprili 15

Tabibu ni mzee mwenye sauti ya chini. Alikaa na binti yetu, sisi tukabaki nje kwenye benchi tukitazama mlango kana kwamba utatupa majibu. Amepunguza dawa, amebadili moja. Hakutuahidi kitu. Alisema, "Atakuwa na siku nzuri na siku mbaya, na ninyi msihesabu." Tunapokezana kukaa naye, mke wangu amechukua likizo, mimi nafundisha nusu siku. Sauti za kwenye mabomba bado zipo. Anasema zimesogea mbali.

Alhamisi, Aprili 18

Nilimwambia Bi Taratibu. Sikukusudia. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni, vifuta maji vikienda na kurudi, akauliza tu, "Mwalimu, una watoto?" Nikafungua kinywa kusema yuko kwa shangazi yake. Shangazi akakataa kutoka.

Nilimweleza yote. Taa zikaruhusu, hatukwenda. Honi nyuma, hatukwenda.

"Nina mdogo wangu," alisema hatimaye, mikono kwenye usukani. "Aliingizwa mahali kama huko tukiwa wasichana. Nyumbani tulisema ameolewa mbali. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza arusi ilikuwa lini."

"Alitoka?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hatukwenda kumwona, mwalimu. Alifia huko huko, na sisi bado tunamtumia salamu za ndoa."

Kisha akatia gia, akaondoka. Kwa mara ya kwanza aliendesha kwa kasi ya barabara. Tukamaliza somo. Niliposhuka niliona nimepumua.

Jumanne, Aprili 23

Siku mbaya. Amelala, hataki dirisha lifunguliwe. Mvua.

Jumamosi, Aprili 27

Kaka yangu alikuja bila taarifa. Akamwona mtoto akipita kwenda uani, akafurahi. "Ah, umerudi kwa shangazi!"

"Hakuwa kwa shangazi," nilisema. "Alikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili."

Kaka aliweka kikombe chini. Akauliza mvua imeharibu paa? Nikamwambia haijaharibu. Akatazama saa, akakumbuka ana mtu wa kuonana naye. Ni ndugu yangu, tumelala kitanda kimoja utotoni. Nilimsindikiza mpaka njiani naye akawa anatembea mbele kidogo, kama ninaweza kumwambukiza.

Niliporudi nilikuta mtu na mama yake wanagombana. Kuhusu kitana. Nani kakivunja, nani hakukirudisha, wewe kila siku, wewe ndiyo unaanza. Sauti juu kabisa, mpaka jirani amesikia. Nilibaki koridoni nimeegemea ukuta nawasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Sikutaka waishe.

Ijumaa, Mei 3

Leo hapakuwa na wanafunzi. Binti yangu akasema anataka kutoka na gari. Nilimpeleka tukazunguka, akakaa kiti cha mwanafunzi akashika usukani kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala, akaenda mbele, akarudi nyuma, gari likamzimikia mara mbili, akacheka mara moja. Manyunyu yalikuwa mepesi. Tukasimama.

"Baba," alisema, akitazama mbele. "Nilikuwa nakusikia getini."

"Lini?"

"Siku ile mliyokatazwa. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha la upande ule. Ulikuwa unasema samahani, samahani, asante. Nikawa nasubiri useme kitu kingine. Halafu nikasikia umeondoka."

Nilikuwa na majibu mengi. Nikachagua la kweli.

"Niliogopa. Nilidhani wakinichukia mimi, watakulipizia wewe."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa.

"Na mimi ndiyo maana sikuwaambia kitu," alisema. "Mlipokuja. Nilijua mama atagomba nao, halafu ninyi mtaondoka, nitabaki nao."

Kumbe tulikuwa tunafanya jambo moja, mimi nje ya ukuta na yeye ndani yake, kila mmoja akinyamaza kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyesaidika.

Sikumwambia hivyo. Nilinyoosha mkono kuwasha gari turudi, mama yake asije akaingiwa na wasiwasi.

"Bado," alisema. "Tukae kwanza."

Tukakaa.